Ukakasi wa Tunda la Mbali

Dada yangu hakuwa akinywa maji asubuhi. Alisukutua, akatema nje ya mlango, akajifunga aproni yake ya plastiki kiunoni na kuingia kwenye chai na wenzake umande ukiwa bado mzito. Hakuwa peke yake. Karibu wanawake wote wa laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, walianza siku koo kavu. Chai iliyopogolewa vizuri huwa tambarare kama meza, inamfikia mtu kiunoni, na kutoka ukingo huu wa shamba hadi ule hakuna mahali mwanamke anaweza kuchutama bila kilemba chake kuonekana kikizama. Kukojoa kati ya michai kulikatazwa. Vyoo vilikuwa huko juu, karibu na banda la kupimia majani, na kwenda huko kulimaanisha kuacha mstari wako, na nyapara wetu alikuwa na mdomo.

"Wewe mama, huko chooni pia kuna majani ya kuchuma?"

Mstari mzima ungecheka, hata yule aliyeambiwa. Kwa hiyo walijizuia. Walijizuia mpaka kikapu kipimwe, na kikishapimwa walijizuia tena, na walipofika nyumbani jioni walikuwa wameusahau mwili kama mtu anavyosahau mtoto aliyelia mpaka akanyamaza.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, katika shamba moja la chai upande wa Sosiot. Sisi tulikuwa watu wa Kisii. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikaa kwa dada yangu, nikiwaangalia watoto wa wachumaji katika chekechea ya shamba. Mume wake alikuwa fundi wa redio Silibwet na alikuja mwisho wa mwezi. Baba mkwe wake alikuwa dereva wa lori la majani katika shamba letu. Aliishi peke yake nyumba chache kutoka kwetu, na kila jioni nilimpelekea ugali na mboga vilivyofunikwa kwa kitambaa.

Dada alikuwa mjamzito. Naogopa hata sasa kuliandika neno hilo haraka, kwa jinsi tulivyolibeba polepole wakati ule. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza mimba. Ilianza kwa mkojo unaounguza, ikafuata homa, ikafuata damu, kisha wanawake wakaingia na kufunga mlango, na walipotoka hakuna aliyesema kitu. Sasa tumbo lilikuwa limerudi. Lilikuwa limepita pale lile la kwanza lilipokomea, na tulikuwa tumeanza kupumua. Ndipo asubuhi moja alitoka chooni ameuma mdomo wa chini, akaegemea ukuta wa mabati.

"Inaunguza tena," akasema.

Nilisema twende dispensari. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa apande juu ya paa.

Yafaa nieleze. Kwetu kati ya mke na baba mkwe wake kuna heshima ambayo tunaiita ensoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hamshiki mkono mke wa mwanawe, hakai naye kiti kimoja, na mbele yake hakuna neno la mwili linalotamkwa: si tumbo, si hedhi, wala mkojo. Heshima hiyo haimhusu yeye peke yake, bali na ndugu zake wote. Na mtu aliyekaa nyuma ya meza ya dispensari ya shamba, akiuliza kila mgonjwa anaumwa wapi, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Bila karatasi yake huwezi kupelekwa hospitali ya mjini. Kwa dada yangu, mlango wa dispensari ulikuwa mlango wa baba mkwe.

Nilimwambia mtu asiye wa kwetu. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea, Mzungu, aliyefundisha sayansi katika shule ya sekondari iliyopakana na shamba, na mara kwa mara alikuja chekechea na vitabu vya picha. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko chetu sote, watoto walimcheka kwa sababu hiyo. Nilimweleza tukiwa tunaosha vikombe vya uji. Hakushtuka. Alinichukua hadi nyumbani kwake, akafungua kabati, akatoa chupa ya juisi nyekundu iliyokolea, nyekundu kama maji ya kiazisukari.

"Hili ni tunda linaloitwa krenberi. Linaota kwetu kwenye vinamasi vya baridi. Bibi yangu alikunywa alipopata shida kama ya dada yako. Mimi pia hunywa."

"Inaua wadudu?"

"La. Hapo ndipo watu wengi hukosea." Alikunja vidole vyake na kuvikaza kwenye ukingo wa meza. "Bakteria wale wana vinywele vidogo sana. Kwa vinywele hivyo hushika ukuta wa kibofu, hivi. Wakishashika, mkojo ukipita hauwaondoi. Sasa, ndani ya tunda hili kuna kitu kinachofanya mshiko wao uteleze." Vidole vyake vikaachia meza. "Zamani walidhani ni uchachu tu. Siku hizi wanasema ni kile kinachokausha ulimi."

"Ukakasi," nikamwambia.

Hakulijua neno hilo. Alilirudia polepole, akitabasamu, kisha tabasamu likatoweka.

"Lakini nisikilize vizuri. Hii husaidia kuzuia, na hata hilo wataalamu hawajakubaliana wote. Dada yako anaungua tayari, tena ana mimba. Wameshashika. Aende apimwe mkojo, apewe dawa ya kuwaua. Juisi haitoshi. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimweleza dada yote, mwanzo na mwisho, nikiwa nimesimama mbele yake na chupa chini ya sweta kama mtu aliyeficha kuku. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akanywa, akafumba jicho moja.

"Ai! Hii ni kutafuna jani la chai bichi."

"Amesema uende hospitali."

"Nimesikia. Lakini kama dawa ni ukakasi, mbona sisi tunaoshinda ndani ya ukakasi ndio tunaougua?"

"Si ukakasi wa aina moja. Nilimuuliza. Na amesema juisi haitoshi."

"Nimesikia, mdogo wangu. Ongeza."

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, nilikutana na jina la kitu kile: proanthosianidini. Nilisoma kwamba zile za krenberi zimeungana kwa namna ambayo zile za chai na za matunda mengine mengi hazikuungana, na kwamba huenda muungano huo ndio unaowanyima bakteria mahali pa kushika. Nilikaa nimelishika jina hilo refu mdomoni, na nilichokiona ni dada yangu akiwa amefumba jicho moja. Tunda halikutudanganya. Mwalimu hakutudanganya. Ila ile juisi ilikuwa na sifa moja ambayo haikuandikwa popote: ilikuwa dawa isiyohitaji kutajiwa ugonjwa. Ungeweza kuiweka mezani mlango ukiwa wazi.

Na iliwekwa. Jioni moja baba mkwe alipita nje, akasimama mbali kidogo na kizingiti kama kawaida yake, akaiona.

"Mmepata wageni?"

"Ni juisi ya mwalimu, Tata," nikajibu, nikimwita baba kwa lugha yetu, maana dada alikuwa amegeukia jiko.

"Nyekundu namna hiyo? Nzuri sana. Inaongeza damu. Mwambie anywe yote."

Kwetu kila kinywaji chekundu huongeza damu. Dada alinywa yote, kwa baraka za mzee, na mwalimu akatuletea chupa ya pili iliyokuwa ya mwisho. Dada aliipima kwa kijiko, asubuhi na jioni, jinsi kila dawa ya chupa inavyopimwa. Maji ya kunywa hakuyaongeza. Kwenye chai aliendelea kujizuia. Kwa siku kadhaa alisema anasikia nafuu, na mimi nilimtazama akitoka chooni nikimsoma uso, na uso ule ulikuwa umejifunza kutoniambia kitu.

Kisha ikaja homa. Ilimpata akiwa kwenye mstari, akatetemeka mpaka kikapu mgongoni kikatikisika, na nyapara mwenyewe ndiye aliyemtoa na kumwamuru aende dispensari. Nilimkimbilia nikawakuta watoto wa laini wakimwonyesha njia kama mgeni. Tuliingia pamoja. Mdogo wa baba mkwe aliinua macho, akayashusha haraka kwenye kalamu yake, akauliza akitazama meza.

"Anasikia nini?"

"Kichwa," dada akasema. "Na baridi."

Nilifungua mdomo. Dada alinikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu ambayo sikudhani mgonjwa anaweza kuwa nayo.

"Na kitu kingine?"

"Hakuna."

Yule mzee alishusha pumzi. Alikuwa ameogopa jibu kama sisi tulivyoogopa swali. Alihesabu vidonge vya malaria, akavifunga kwenye karatasi, akavisogeza hadi mwisho wa meza ili mikono isigusane. Malaria ilikuwa imeenea milimani mwaka ule, kila mtu aliitarajia. Tukiwa njiani nilimwambia dada nitarudi niseme mwenyewe.

"Ukisema," alinijibu, "mimi nitakaa wapi? Utaondoka uende chuo. Mimi nitabaki na hawa, nikipika, nikijua kwamba wanajua."

Alimeza vidonge. Homa ilishuka ikapanda. Siku iliyofuata hakuamka. Alilala ameukunja mwili upande mmoja, akitapika juisi ile nyekundu ndani ya beseni, na kila nilipoiona niliruka nikidhani ni damu. Tumbo lilikaza, likalegea, likakaza. Sikuwa na mtoto wakati huo wala sikujua mengi, lakini tumbo linalokaza kabla ya wakati wake halihitaji kufundishwa.

Jirani yetu aliingia bila kubisha. Alikuwa mama wa Kikipsigis mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyekuwa na ng'ombe wake kwao Merigi na hakuacha kuwazungumzia. Alimwekea dada kiganja kwenye paji la uso, kisha akakishusha mgongoni, chini ya mbavu, akabonyeza kidogo. Dada alipiga ukelele.

"Hii ni malaria gani inayokaa upande mmoja wa mgongo?" Alinigeukia. "Sema."

Nikasema. Nilisema yote, dada akiwa amefumba macho.

"Kupe," yule mama akasema. "Umesikia? Ng'ombe unamwogesha dawa kupe asimpande. Akishapanda akazamisha kichwa, utamwogesha mpaka mto ukauke. Nyinyi Wakisii na heshima yenu mtazika mtu."

"Na nyinyi hamna heshima?" dada akasema kwa sauti nyembamba, hata katika hali ile hakukubali kabila lisemwe bure.

"Tunayo sana, mama. Lakini ya kwetu inajua njia ya hospitali. Wewe msichana, simamisha gari."

Gari la wagonjwa la shamba lilikuwa kwa fundi. Simu ilikuwa ofisini, na ofisini wangeuliza karatasi ya dispensari. Gari pekee lenye injini inayounguruma lilikuwa lori la majani kwenye banda la kupimia, na limejaa. Nilikimbia nikakata kati ya michai, matawi yakinichapa mapaja. Baba mkwe alikuwa akifunga turubai.

"Tata, dada ni mgonjwa sana. Apelekwe mjini sasa hivi."

"Si alipewa dawa ya malaria jana?"

"Alipewa."

"Basi dawa nayo ipewe nafasi. Nikishusha haya kiwandani nitarudi tuone." Alipiga gunia kwa kiganja. "Majani hayangoji, unajua. Yakikaa yanachemka. Yakichemka yanageuka mekundu, na mimi nitaulizwa."

"Tata, si malaria."

"Ni nini basi?"

Karani wa mizani alikuwa pale. Nyapara alikuwa pale. Wachumaji walikuwa wamekaa juu ya vikapu vyao wakitazama. Neno lilinifika kwenye meno likasimama. Heshima ile ilinigusa mimi pia, ingawa si kwa ukali uleule, na kilichonifunga zaidi ni kisigino cha dada yangu ambacho bado kiliniuma.

"Njoo usikie mwenyewe," nikasema.

Sijui kama ni maneno au ni uso wangu. Alipanda, akaliingiza lori kwenye njia ya laini ambako halikuwahi kuingia, kuku wakitawanyika, na akalisimamisha mbele ya nyumba yetu bila kuzima injini. Alishuka akasimama pale anaposimama siku zote, hatua kadhaa kutoka mlangoni, uso akiwa ameuelekeza kwenye gurudumu.

"Anaumwa nini?" akauliza hewani.

Watu walikuwa wametoka. Jirani alijaza kifua pumzi, na kama angesema yeye pengine ingetosha. Lakini sauti iliyotoka ilitoka ndani, kitandani, na haikuwa kubwa.

"Tata. Ni mkojo."

Injini ilinguruma. Hakuna aliyecheka.

"Umekuwa ukiniunguza kwa wiki nyingi. Sasa uko mgongoni, na tumbo linakaza. Ile mimba ya kwanza ilitoka hivihivi. Sikuwa na malaria, Tata. Nilisema uongo."

Baba mkwe alivua kofia. Akaivaa tena. Nilimwona akitafuta pa kuweka macho na kukosa, kwa maana popote alipotazama kulikuwa na mtu aliyesikia. Kisha alikwenda upande wa pili wa lori, akafungua mlango wa mbele, akalitandika koti lake kwenye kiti, akaenda akasimama mbele ya injini akiwa ametupa mgongo.

"Mpandisheni," akasema.

Tulimbeba mimi na jirani. Mimi nilikaa katikati, nikawa ukuta kati yao, bega moja likiungua kwa homa ya dada, lingine likiwa karibu na mkono wa mzee kwenye gia. Kila shimo alilipunguzia mwendo kabla sijaomba. Tulifika kwenye njia panda ya kiwanda, ambapo lori lile liligeuka kila siku ya maisha yake, na askari wa getini akainua kizuizi kwa mazoea. Mzee alinyoosha usukani akapita. Kupitia dirisha la nyuma harufu ya majani ilikuwa imeanza kubadilika, ikawa tamu kidogo, yenye joto.

Hospitalini kulikuwa na foleni. Karani alikuwa nyuma ya kioo chenye tundu, na aliuliza kila mtu kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Huyu naye ana nini?"

Dada alikuwa ameniegemea kwa uzito wake wote. Kabla sijajibu mtu alinipita kando, akainama kwenye lile tundu.

"Ni mkojo," baba mkwe akasema. "Umepanda mpaka kwenye figo. Ana mimba ya miezi sita, na tumbo linakaza. Ya kwanza ilitoka hivihivi." Alisema kwa sauti ileile ambayo angemwambia fundi kwamba gurudumu la nyuma linapoteza upepo. Mama mmoja kwenye foleni, wa kwetu kwa lugha yake, alijifunika mdomo kwa leso. Mzee hakugeuka.

Walimchukua kwa kitanda cha magurudumu. Walichukua mkojo wake kwenye kichupa, na hata mimi niliona jinsi ulivyokuwa mzito, kama maji ya kuoshea mchele. Wakamchoma sindano, wakamtundikia maji. Daktari kijana aliuliza alikunywa dawa gani, nikataja vidonge, nikataja juisi. Hakuicheka. Alisema kama angeinywa kabla ya kuugua, pamoja na maji mengi, labda. Kisha akasema kwa sasa tusahau juisi.

Mkunga alikuja na ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia. Aliweka mdomo wake mpana kwenye tumbo la dada, akainamisha sikio, akafumba macho. Alisikiliza. Akaisogeza. Akasikiliza. Akaisogeza tena chini zaidi, akatuinulia mkono tunyamaze ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Dada alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa. Nilijua anafanya kile ambacho mimi nilimfanyia nje ya choo siku zote zile, anasoma uso, na uso wa mkunga haukuwa na maandishi.

Kisha kidole cha mkunga, kile kilichokuwa kimelala kwenye chuma cha kitanda, kikaanza kugonga. Tiki, tiki, tiki, tiki, upesiupesi, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Aligonga tu ili tusikie anachosikia.

Nilipotoka nje jua lilikuwa limeshuka upande wa mashamba. Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma ya lori. Alikuwa amefungua turubai na kuzamisha mkono wake ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akipima joto. Alipoutoa, majani machache yalikuwa yamemganda kwenye ngozi, na yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Moyo unapiga, Tata," nikamwambia.

"Wa nani?"

"Wa wote wawili."

Aliyapangusa majani kwenye suruali. Alifunga turubai kamba moja baada ya nyingine, kwa makini, kana kwamba mzigo ule ulikuwa bado na thamani, akapanda, na kabla ya kuwasha injini akanitolea koti lake dirishani.

"Mpelekee," akasema. "Huko ndani usiku ni baridi. Mwambie anywe maji. Mwambie ni mimi nimesema."

Kisha akaondoka kwenda kiwandani kuulizwa.